Kwa Mwandiko Wake Mwenyewe

Mwalimu Sia Ndesanjo alikutana na kitabu chake mwenyewe siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mwaka tisini na nane, wakati mvua kubwa za msimu ule zilipokuwa zimeanza kulegea. Boksi la vitabu vya ziada lilikuwa limeletwa pale shuleni Kimandolu, na mwalimu mkuu akamwomba avigawe darasa la nne. Sia alivigawa bila kuviangalia, maana alikuwa na mafua na kichwa kilimgonga. Kisha akamwambia msichana mmoja, Princess, asimame asome ukurasa wa kwanza kwa sauti.

Princess akasoma: "Anande alikuwa na sweta jekundu lenye vifungo vitano. Vinne vilikuwa vyekundu, na cha tano kilikuwa cha bluu, kwa sababu mama yake hakupata chekundu kingine dukani."

Sia akashika ukingo wa meza.

Kifungo kile cha bluu alikishona yeye. Alikishona kwenye sweta la mtoto wake wa pekee, mwaka themanini na tano, na sweta lile lilikuwa chini ya ardhi, limezikwa pamoja naye. Sentensi zile pia alizitunga yeye, zote, mpaka lile neno "dukani" ambalo alilifuta mara tatu kabla ya kuliacha. Alimsikiliza Princess mpaka mwisho wa ukurasa, akamwambia asante, kaa. Ndipo akachukua nakala moja, akatazama jalada. Kulikuwa na picha ya msichana kando ya mto. Juu yake: Anande wa Ng'ambo. Chini yake: Mtunzi, E. M. Sakaya.

Eliasi Sakaya alikuwa mratibu wa elimu wa kata. Alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa Meru, mrefu, mpole wa maneno, mtu wa kuvaa suti ya kaunda na kuingia darasani akiwa ameshika kofia mkononi kwa heshima. Walimu walimpenda. Mwaka tisini na nne, serikali ilipokuwa imeanza kuziachia kampuni binafsi kazi ya vitabu vya shule, yeye ndiye aliyezunguka akiwaambia walimu wenye vipaji wasilale. Sia alimpa madaftari mawili yaliyojaa hadithi aliyoiandika kwa miaka saba. Alimpa kwa mikono miwili. Eliasi alisema anaye karani wa kupiga taipu, na anamfahamu Bwana Hans, mwenye kampuni mpya ya vitabu pale mjini.

"Huyu Anande ni nani?" alimuuliza siku ile.

"Ni mwanangu," Sia alimjibu. "Alichukuliwa na maji mwaka themanini na sita. Alikuwa na miaka tisa."

Eliasi aliinamisha kichwa. "Pole sana, Mwalimu. Nitayatunza kama macho yangu."

Miaka miwili baadaye alimwambia kwamba kampuni ilikataa, na kwamba madaftari yalipotea ofisi ilipohama. Alisema kwa huzuni kiasi kwamba Sia ndiye aliyembembeleza yeye. Sia alimwambia usijali, Bwana Mratibu, ni karatasi tu. Akarudi nyumbani akalia peke yake, maana Ndesanjo mumewe alikuwa ameshafariki, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa amemjua mtoto yule kiasi cha kumlilia mara ya pili.

Saa ya mapumziko Sia hakwenda kunywa chai. Alibaki darasani, akafungua ukurasa wa mwisho.

Hadithi aliyoiandika yeye ilisema ukweli. Ilisema kwamba mvua ilinyesha mlimani siku mbili, kwamba mama alimtuma Anande ampelekee jirani mgonjwa maziwa ng'ambo ya mto, kwamba hapakuwa na daraja bali gogo, na kwamba mtoto alikwenda kwa sababu alitumwa, akiimba. Mama ndiye aliyemtuma. Sia alikaa mwaka mzima kabla ya mkono wake kukubali kuiandika sentensi ile.

Kitabuni haikuwamo. Badala yake ilichapwa hivi: "Mama yake alimkataza, lakini Anande alikuwa mkaidi. Akatoroka kwenda kucheza mtoni, na maji yakamchukua. Watoto, tuwatii wazazi wetu." Chini yake kulikuwa na maswali. La kwanza lilisema: Je, Anande aliadhibiwa kwa kosa gani?

Sia aliusoma ukurasa ule mara moja tu. Kuibiwa kwa jina lake kulimuuma kama kuumwa na jino. Lakini hiki kilikuwa kitu kingine. Mtoto wake, aliyekufa akiwa njiani kutumikia, alikuwa sasa mkaidi katika madarasa yote ya wilaya, na watoto walikuwa wakiandika kosa lake kwenye madaftari na kuwekewa alama ya vema. Sia alihisi kitu kikipoa ndani yake, kikawa kigumu, na kikakaa. Hakulia. Akavikusanya vitabu, akavifungia kabatini, akawaambia watoto kwamba vina makosa ya chapa.

Mtu mwingine angekwenda ofisini kwa mratibu siku ileile akapindua meza. Sia alikwenda baada ya wiki mbili, amevaa gauni lake la kanisani, akibeba nakala moja ndani ya mkoba.

"Bwana Mratibu, hongera," alisema. "Nimeona kitabu."

Rangi ilimtoka Eliasi usoni, kisha ikarudi polepole alipoona mwanamke yule anatabasamu. "Mwalimu Sia... nilikuwa nataka kukueleza. Unajua, wazo lilikuwa kama lako kidogo. Lakini nililazimika kuandika upya kila kitu, maana yale madaftari..."

"Yalipotea. Najua. Mimi nina furaha tu kwamba jina la mtoto limebaki." Akatoa nakala na kalamu. "Niandikie chochote hapa, niwe na kumbukumbu."

Eliasi alivuta pumzi. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa mlazo: Kwa Mwalimu Sia Ndesanjo, aliyenipa moyo nilipokuwa naandika kitabu hiki. Akaweka sahihi na tarehe. Sia akakipuliza kidogo wino ukauke, akashukuru, akatoka. Njiani kuelekea nyumbani alipita mtaa wa Daraja Mbili bila kumwona mtu yeyote, ingawa watatu walimsalimu.

Tangu siku ile alianza kumjengea Eliasi kaburi, na alilijenga bila haraka. Alipokutana naye kanisani alimuuliza habari za kitabu. Aliposikia kwamba kampuni inafikiria kukichapa tena, alimtia moyo. Nyumbani alivuta sanduku la bati chini ya kitanda, akatafuta kila karatasi. Madaftari yalikuwa yamekwenda, lakini rasimu za kwanza alikuwa ameziandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, kwa sababu wakati ule hata karatasi ilikuwa shida kupatikana, na karatasi za mitihani zilikuwa na tarehe. Alizipata kumi na saba. Alizinyoosha kwa pasi moja moja, kwa moto mdogo, kama mtu anayenyoosha nguo za harusi.

Mwaka elfu mbili alimwalika Eliasi shuleni azungumze na watoto. Alivitoa vile vitabu kabatini akawagawia tena, akapanga maua mezani. Mwalimu wa darasa la saba aliombwa alete redio kaseti yake ili, kama alivyosema Sia, maneno ya mgeni yasipotee. Eliasi alizungumza vizuri, watoto wakacheka, wakapiga makofi. Kisha wakaruhusiwa kuuliza maswali.

Princess, ambaye sasa alikuwa darasa la sita, alinyoosha mkono. "Shikamoo, Mheshimiwa. Kwenye ukurasa wa tano Anande anasema anapenda kulala wakati wa tukutiri. Tukutiri ni nini?"

Hakuna aliyemtuma kuuliza. Sia mwenyewe alishtuka, akamtazama mgeni.

Eliasi alikohoa. "Marahaba, swali zuri. Tukutiri ni... ni ndege. Ni neno la Kimaasai. Ndege mdogo anayeimba jioni."

Tukutiri ilikuwa sauti ya mvua juu ya bati. Anande alilitunga neno lile akiwa na miaka mitatu, na halikuwahi kuwa la lugha yoyote isipokuwa ya nyumba ile. Kwenye rasimu, nyuma ya mtihani wa hesabu wa mwaka themanini na nane, maelezo yake yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja, kwa sababu Sia alitaka watoto wakisie wenyewe.

Mtoto mwingine aliuliza kama Anande alikuwa mtu wa kweli. Eliasi hakutazama upande aliokaa Sia. Alisema, "Hapana, mwanangu. Anande hakuwahi kuwepo. Nilimtoa kichwani mwangu."

Sia alipiga makofi pamoja na wengine. Viganja vilimuuma mpaka jioni. Lakini kaseti ilikuwa mkobani mwake.

Toleo la pili lilitoka mwaka uliofuata, lenye jalada la kung'aa na picha ya Eliasi nyuma. Siku ileile Sia alikwenda kwa wakili. Wakili huyo aliitwa Lengai, kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye Sia mwenyewe alikuwa amemfundisha kusoma na kuandika. Alisimama alipomwona akiingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, nisikilize."

Lengai alisikiliza saa nzima. Alipitia karatasi kumi na saba, akasoma maandishi ya Eliasi kwenye ukurasa wa mbele, akasikiliza kaseti mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu, kwa nini hukuja miaka mitatu iliyopita?"

"Nilikuwa namwacha anenepe."

Lengai alimtazama, akaona kwamba hatanii. Akamweleza kwamba ipo sheria mpya ya hakimiliki, ya mwaka tisini na tisa, na kwamba sheria hiyo haiongelei mauzo peke yake. "Iko haki nyingine ambayo hata ukiuza kitabu chako haiuziki. Ni haki ya mtunzi kutajwa kwa jina lake. Na haki ya kuzuia kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa toleo hili la pili tunaye vizuri. Amekosa yote mawili, na amejikamatisha mwenyewe. Tunaweza kudai fidia nzuri."

"Sidai fidia."

"Mwalimu, ni haki yako."

"Lengai. Nitakuambia ninachotaka, na wewe uniambie kama mahakama inaweza kunipa."

Akamwambia. Wakili alichezea kifuniko cha kalamu. "Mahakama yenyewe sidhani kama itaamuru hivyo," alisema. "Lakini kwenye usuluhishi, akikubali mwenyewe, hakimu anaweka muhuri, na ikishawekwa muhuri ni amri kama amri nyingine."

"Atakubali," alisema Sia.

Usuluhishi ulifanyika katika chumba kidogo chenye meza moja na kalenda ya mwaka uliopita. Eliasi alikuja na wakili wake, akiwa amevaa suti. Bwana Hans, mwenye kampuni, alikuja pia, ameshika simu ya mkononi, akionekana mtu aliyepotezewa muda. Mwanzoni Eliasi alikana. Alisema alitunga mwenyewe, kwamba mama huyu ana uchungu wa kufiwa na anachanganya mambo, na kwamba yeye hamlaumu.

Lengai akaweka kaseti. Sauti ya Eliasi ikajaa chumba: Tukutiri ni ndege. Anande hakuwahi kuwepo. Kisha Lengai akaweka mezani karatasi ya mtihani yenye maelezo ya tukutiri, na kando yake cheti cha ubatizo cha Anande Ndesanjo, na cheti cha kifo. Hakimu aliviangalia kimoja kimoja. Bwana Hans alizima simu yake, akasogeza kiti mbali kidogo na Eliasi. Sia alikiona kile kiti kilivyosogea, na ilikuwa kama kunywa maji baada ya safari.

Eliasi alifuta jasho. Alitaja kiasi cha fidia. Wakili wake akakiongeza. Sia alisubiri wamalize.

"Sitaki hata senti," alisema. "Bwana Hans, una nakala ngapi ambazo hazijauzwa?"

"Elfu mbili na mia moja na kitu. Ziko stoo, kule Kwa Mrombo."

"Bwana Mratibu atakwenda stoo. Atafungua kila kitabu, kimoja kimoja. Atakata jina lake kwa rula, kwenye jalada na ndani, na chini yake ataandika kwa mkono wake: Mtunzi ni Sia Ndesanjo. Kisha atachana ukurasa wa mwisho, atabandika ukurasa wangu mimi, utakaouchapa wewe. Hakuna mtu wa kumsaidia. Hakuna muhuri wa mpira. Na mimi nitakaa pale nikimwangalia."

Wakili wa Eliasi alicheka kwa mshangao. "Mama, hiyo ni kudhalilishana. Tunaweza kuvichoma tu, tukachapa vingine."

"Vingine mtachapa. Hivi ataviandika."

"Na akikataa?"

"Basi tunakwenda kwenye kesi kamili, mahakama ya wazi," alisema Sia, "na nitaleta darasa zima la watoto waliomsikia akisema kwamba mwanangu hakuwahi kuwepo. Waandishi wa magazeti pia watakuja. Bwana Mratibu anastaafu Desemba. Achague."

Eliasi alichagua. Hakimu akaweka muhuri.

Kazi ilianza Jumatatu, wakati wa likizo ya shule. Stoo ilikuwa jengo refu la matofali lililonuka karatasi na dawa ya panya, nyuma ya soko. Eliasi aliwekewa meza, rula, kalamu nyeusi, gundi na mkasi. Sia aliweka kiti chake hatua tatu mbele yake, akatoa sindano mbili na uzi, akaanza kufuma. Saa sita kwa siku, kila siku, Jumapili tu ndiyo walipumzika.

Siku za kwanza Eliasi alifanya haraka, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba si kitu. Siku ya tatu wachuuzi wa soko walishajua. Walikuja mlangoni wakiwa na mafungu yao ya mboga, wakachungulia. Wengine walimtambua. "Si yule mratibu?" Eliasi aliinamisha uso karibu na karatasi. Sia hakuwafukuza wala hakufunga mlango. Alifuma.

Siku ya sita kidole cha Eliasi kilifanya lengelenge. Siku ya nane alianza kushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. "Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa, "kuna fundi pale mjini anachonga mihuri ya mpira. Jina lako litatoka vizuri zaidi. Litasomeka."

"Linasomeka."

"Mkono umevimba."

"Pumzika kidogo. Nitakusubiri."

Akamsubiri. Aliweka uzi mapajani, akamtazama akikunja na kukunjua vidole, na hakuondoa macho. Kwa miaka mitatu alikuwa ameliota jambo hili, na lilikuwa tamu jinsi alivyoliota. Hilo hakujificha. Kila "Sia" iliyotoka kwenye kalamu ile alihisi kitu kikirudi mahali pake, na kila aliporudi nyumbani alikula chakula chote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka ule wa mvua.

Siku ya kumi na moja alikuja mke wa Eliasi, Mama Silantoi, akiwa na hotipoti ya makande. Alimpa mumewe chakula, kisha akaja akapiga magoti mbele ya Sia, mwanamke mzima, kwenye sakafu ya saruji.

"Mama Anande, nakuomba. Ameshajifunza. Usiku analia kwa maumivu ya mkono. Watoto wetu hawataki kwenda kanisani. Mwachie zilizobaki."

Sia alimshika mabega akamwinua, maana hakuwa na ugomvi naye. "Mama Silantoi, umeniita Mama Anande. Unajua tangu lini mtu hajaniita hivyo?"

"Najua, mama."

"Miaka kumi na mitano. Zimebaki mia saba. Usiniombe tena."

Mchungaji naye alikuja, akaongea habari za kusamehe. Sia alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwamba atasamehe kitabu kikiwa kimekwisha. Watu wa Kimandolu wakaanza kugawanyika. Wengine walisema mwanamke yule ana haki. Wengine walisema kuna kudai haki na kuna kumkamua mtu, na kwamba macho yake yamebadilika. Maneno yalimfikia. Aliendelea kufuma.

Siku ya kumi na nane ikabaki nakala moja. Eliasi alikata jina, akaandika jingine, akapaka gundi. Alipotaka kuubandika ukurasa, Sia akasema, "Usome kwanza. Kwa sauti."

"Hilo halimo kwenye makubaliano."

"Halimo. Soma."

Wangeweza kubishana. Lakini Eliasi alikuwa amechoka, na pengine alitaka iishe. Alishika karatasi mbali na macho. Siku zote zile alikuwa amebandika elfu mbili bila kusoma hata mstari mmoja, Sia aliliona hilo.

"'Mvua ilinyesha mlimani siku mbili,'" alisoma. "'Mama alimwambia, Anande, mpelekee bibi wa ng'ambo maziwa yake kabla hayajaganda. Anande akavaa sweta lake. Alipofika kwenye gogo aligeuka akapunga mkono. Mama alikuwa anafua. Alimpungia kwa mkono wenye povu, akarudi kwenye nguo zake. Mtoto hakukosea kitu. Alitumwa, akaenda. Mama ndiye aliyemtuma.'"

Akashusha karatasi. Nje mtu alikuwa akinadi nyanya.

"Hii ndiyo niliyoitoa," alisema Eliasi polepole. Ilikuwa sauti yake ya kwanza ya kweli tangu siku ile ya mwaka tisini na nne. "Bwana Hans alitaka funzo, ni kweli. Lakini mimi niliisoma hii nikasema, hapana. Watu wa hapa wanamjua huyu mama. Wakisoma hivi watamlaumu. Ndiyo maana nikaandika kwamba ulimkataza. Jina lako nililiiba, Mwalimu, sina la kusema. Lakini hapa nilikustiri."

Sia alisimama. Uzi ulidondoka, ukabingirika chini ya meza.

"Hukunistiri," alisema. "Ulichukua kosa langu ukamvika mtoto. Mimi niliandika miaka saba ili nimvue kosa hilo, nilivae mimi. Ukanivua. Nani alikuomba?"

Eliasi alibandika ukurasa, akaupitisha kiganja juu yake taratibu ukae vizuri, akakisukuma kitabu mezani. Kisha akachukua kofia yake, akatoka, akipita katikati ya wauza mboga ambao safari hii walimpisha bila kunong'ona.

Bwana Hans alivipeleka vitabu shuleni mwezi uliofuata. Mchungaji alimuuliza Sia kama sasa yuko tayari kusamehe. Alisema bado kidogo, kuna jambo anahakikisha. Alikuwa ameanza kuzunguka. Kila Jumamosi alikwenda shule moja, akamwomba mwalimu mkuu amfungulie kabati, akapitia vitabu kimoja baada ya kingine kwa kidole. Walimu walifikiri ni fahari ya kuliona jina lake, wakamletea chai.

Wiki ya tano, katika shule moja njia ya kwenda Ng'aresero, alikipata. Labda kiliandikwa siku ile mkono ulipovimba. Kilisomeka: Mtunzi ni Sia Ndesanju.

Alikiomba kitabu kile, akaandika jina lake kwenye daftari la shule kwamba amekichukua, na akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Eliasi. Ilikuwa saa nane mchana. Mama Silantoi alikuwa anapepeta mahindi uani. Alipomwona mgeni aliinuka taratibu, ungo ukiwa mikononi, akaita jina la mumewe.

Eliasi alitoka amevaa malapa. Alikuwa amestaafu mapema, na ndevu zilikuwa zimemwota nyeupe. Sia alifungua kitabu, akaweka kidole pale kwenye herufi, akanyoosha kalamu.

Eliasi aliitazama herufi ile. Aliichukua kalamu, akaweka kitabu juu ya ukuta wa kibaraza, akakata, akaandika tena, akishika mkono kwa mkono. Akarudisha.

"Sasa imetosha?" aliuliza.

Sia alisoma alichoandika. Kilikuwa sahihi. Alisubiri ule utamu uje, kama ulivyokuja kila siku kule stoo, na ulikuja, lakini ulikuwa mdogo, na ulikwisha kabla hajafunga kitabu.

"Nikipata kingine nitarudi," alisema.

Akatia kitabu mkobani na kushika njia. Alikuwa bado na shule tisa.